Shangazi, nampa mwanangu vidonge vya kuongeza damu kwa siri na yuko kwenye kemo

Shikamoo Shangazi. Naandika sa hivi ni saa saba usiku, mtoto kalala na mi nimekaa jikoni mlango nimeuacha wazi nimsikie anavyopumua, samahani kama maneno yatakuwa marefu maana hili jambo sijamwambia mtu, hata mume wangu anajua nusu tu.

Mi ni mkazi wa Mbagala, nna watoto watatu, huyu ninayemwandikia ndo wa mwisho ana miaka sita. Mwaka juzi alianza homa za mara kwa mara, tukawa tunatibu malaria, tunatibu UTI, duka la dawa hili zahanati ile, hadi fizi zikaanza kutoka damu na miguu inamuuma hataki hata kutembea kwenda chooni, ndo tukapewa rufaa. Wakampima uboho wakasema ni saratani ya damu, ile wanaiita ALL. Sitaki kukuelezea miezi ile ilivyokua maana nikianza kulia sitamaliza kuandika. Namshukuru Mungu ile kemo nzito ya dripu kaimaliza, nywele zimerudi, sasa yuko hatua wanayoiita mentenansi, ya vidonge vya kuzuia ugonjwa usirudi, kila jioni kidonge cha merkaptopurini na mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa, vile vya methotreksati.

Shida yangu Shangazi ni damu. Kila tukienda kliniki wanamtoa kipimo cha FBP, kile cha kuhesabu chembe za damu, mi naisoma ile karatasi kwa tochi ya simu kwenye foleni hata kabla ya dokta. Miezi miwili iliyopita chembe nyeupe zilikua chini sana, HB 8, dokta akasema tusimamishe vidonge wiki mbili. Nilirudi nyumbani siwezi kula. Nikawaza dawa imesimama, damu haipo, ugonjwa unarudi.

Wifi yangu anauza virutubisho, ana grupu lake la wasap lina watu wengi. Akanijia na boksi, vidonge vya kijani kopo moja na unga wa kukoroga kopo moja, akasema hii inaongeza damu na kuamsha kinga, hata watu wa kemo wanatumia. Laki na themanini. Tulilipa kidogo kidogo, mume wangu anaendesha bodaboda unaweza kufikiria mwenyewe. Mama mkwe naye akatuma unga wa mlonge kutoka Handeni kwa basi. Na mi mwenyewe nikaongeza FEFO, maana nilipokua na mimba yake huyu huyu damu yangu ilikua 9 nikameza FEFO ikapanda ikawa 11, nikasema kama ilinisaidia mi kwa nini isimsaidie yeye. Juu ya hapo kila siku juisi ya rozela na bitiruti, nachuja kwa kitambaa cha kitenge mikono yote inakua myekundu.

Sasa sikia Shangazi, tuliporudi baada ya zile wiki mbili damu ilikua imepanda kweli. Wifi akarusha voisi kwenye grupu lake, mtoto wa kaka yangu damu imepanda kwa siku kumi na nne. Dokta akarudisha vidonge. Wiki iliyopita tumeenda tena, nyeupe zimeanza kushuka. Wifi anasema ni kwa sababu boksi linaisha, kemo inabomoa hii inajenga, ninunue la pili. Mume wangu kasema tununue, atakopa.

Dokta hajui chochote. Kuna siku nikiwa kwenye foleni nilimsikia mama mmoja anagombezwa mbele za watu kwa sababu ya dawa za miti shamba, tangu siku hiyo niliapa sitasema. Makopo nayaficha kwenye ndoo ya unga. Ila juzi usiku namnywesha, kashika kikombe kwa mikono miwili, akaniangalia akaniuliza mama, hii dokta anaijua? Nikamwambia we kunywa baba. Akanywa. Tangu hapo silali.

Nisaidie Shangazi. Je hivi vitu vinamuongezea damu au namuumiza? Nimwambie dokta? Na kama siyo hivi, nimpe nini mwanangu damu ipande?

Mama mwenye hofu, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimesimama pale pale, kwa mtoto na kikombe chake. Mi nimefanya unesi wodi za watoto miaka mingi kabla ya kustaafu na nimewaona akina mama wengi wenye kopo ndani ya mkoba, sijamuona hata mmoja aliyelileta kwa ubaya. Kwa hiyo hapa hugombezwi. Ila kuna kitu ulichoandika kimenishtua na ntakianza nacho kwa sababu hakiwezi kusubiri.

FEFO isimame leo. Na vidonge vya kijani, na ule unga wa kopo, na unga wa mlonge, vyote visimame mpaka dokta wake au mfamasia wa hospitali avione. Kemo yake usiiguse, usiruke hata kidonge kimoja wala usipunguze kwa kuamua mwenyewe. Asubuhi piga simu kule kliniki, namba huwa wanaandika kwenye daftari la mtoto, sema nimekua nampa mtoto vidonge vyenye foliki na vitu vingine nataka kujua nifanye nini. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Sasa nikueleze kwa nini, maana ukiambiwa acha bila kuelezwa utarudia ukibanwa, na kubanwa utabanwa.

FEFO ni vitu viwili ndani ya kidonge kimoja, madini ya chuma na foliki asidi. Na methotreksati anayomeza mwanao kila Ijumaa kazi yake ni kuizuia foliki isitumike. Seli ya saratani inataka kugawanyika haraka haraka, na ili igawanyike inahitaji foliki, hii dawa inakuja inafunga ule mlango. Hilo lilijulikana zamani sana mwanangu. Miaka ya 1940 kule Boston Marekani kulikuwa na daktari anaitwa Sidney Farber, watoto wenye leukemia, yani hii saratani ya damu, walipewa vitu vya jamii ya foliki akaona ugonjwa unazidi kukimbia badala ya kupungua. Akageuza, akatafuta dawa inayopingana na foliki, na mwaka 1948 akatoa matokeo ya watoto 16 aliowatibu, 10 kati yao walipata nafuu, ingawa ilikuwa nafuu ya muda, na enzi hizo mtoto wa leukemia alikuwa hana tiba kabisa. Methotreksati ni ya ukoo huo huo wa dawa. Kwa hiyo Ijumaa dokta anafunga mlango, na kila siku FEFO inaweza kuwa inausukuma ufunguke. Ulikuwa hujui, na hakuna aliyekwambia, kwa sababu uliyemficha ndo pekee aliyekuwa anajua.

Kama uliwahi kusikia hospitali watoto waliowekewa methotreksati nyingi kwa dripu wanapewa sindano au vidonge vya jamii ya foliki baadaye, hiyo ni kweli, ila ile inatolewa kwa saa maalum baada ya dawa kufanya kazi yake na kwa dozi iliyopigiwa hesabu. Usije ukaambiwa na mtu mbona hospitali wenyewe wanatoa.

Tuje kwenye hiyo damu yenyewe. Sisi tukisema damu imepungua tunawaza kitu kimoja, kwamba kipo kidogo kiongezwe. Kwenye ile karatasi unayoisoma kwa tochi kuna damu tatu tofauti. Kuna nyekundu, hiyo ndo HB, inabeba hewa. Kuna nyeupe, askari, na ndani ya nyeupe kuna zile zinaitwa nyutrofili ambazo ndo dokta anazitafuta kwanza kwa jicho. Na kuna pleteleti, chembe sahani, zinazozuia damu isimwagike. Zote tatu zinatengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa. Wewe na mimba yako uboho wako ulikuwa mzima unapiga kazi, ulichokosa ni chuma, ukapewa chuma damu ikapanda, ni sawa kabisa. Mwanao uboho wake umelazwa na kemo, maana kemo inapiga kila seli inayogawanyika haraka, haichagui, ndo maana nywele zilitoka na mdomo ukaota vidonda. Ni kama mashine ya kusaga pale mtaani umeme umekatika, hata ukirundika magunia kumi ya mahindi mlangoni unga hautoki. Unasubiri umeme urudi.

Na unarudi, kwa ratiba yake. Kwenye kemo nyingi za dripu nyeupe zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, halafu zinaanza kupanda, kufika wiki ya tatu au ya nne zinakua zimerudi. Pleteleti inaishi siku 7 mpaka 10 tu, ndo maana inashuka mapema. Nyekundu inaishi karibu siku 120, ndo maana HB inashuka taratibu na kupanda taratibu. Hakuna kopo linaloharakisha hiyo.

Sasa rudi kwenye ile furaha ya siku kumi na nne. Hebu kumbuka zile wiki mbili mtoto alikuwa hamezi nini. Alikuwa hamezi kemo mwanangu! Dokta alizima dawa makusudi ili uboho upumue, na ukapumua, na damu ikapanda kama alivyotegemea. Vidonge viliporudi ikashuka tena. Ingepanda hata kama ungempa maji matupu. Wifi yako sidhani kama alidanganya kwa kujua, ameona kopo limeingia damu imepanda akaunganisha, ila laki na themanini imeenda kununua kazi ambayo uboho wa mwanao uliifanya wenyewe bure.

Kuna jambo jingine hapa ambalo akina mama wengi hawaambiwi na mi naona ndo kubwa kuliko yote. Kwenye mentenansi dokta hataki nyeupe za mwanao zijae kama za mtoto wa jirani. Anazitaka chini kiasi. Miongozo mingi inalenga nyutrofili zibaki kati ya 0.5 na 1.5 hivi kwenye ile karatasi, zikishuka chini ya 0.5 anasimamisha dawa, zikipanda sana na kukaa juu anajua dozi ni ndogo, anaongeza. Yani ile FBP ndo mizani yake, anaitumia kupima kiasi cha dawa kinachotosha kuuweka ugonjwa chini bila kumuangusha mtoto. Ukimwekea kitu kwenye mizani bila yeye kujua, kila anachosoma kinakua si cha kweli. Foliki ikipunguza makali ya methotreksati damu itaonekana nzuri, we utafurahi, na dokta atapandisha dozi akidhani mtoto anaihimili. Halafu siku FEFO imeisha dukani au hela haipo, mtoto anabaki na dozi kubwa peke yake. Kwa hiyo hata hilo la kuacha leo lazima dokta ajue, ili apime damu mapema kuliko alivyopanga. Ndo maana nimesema upige simu.

Chuma nacho nikiseme. Sijui mwanao ameongezewa damu chupa ngapi tangu aanze, ila kwa hatua alizopitia naamini siyo moja. Chupa moja kamili ya damu ina chuma kama miligramu 200 mpaka 250, na mwili hauna njia ya kukitoa, unapoteza kama miligramu moja tu kwa siku. Kinachobaki kinajirundika kwenye ini na moyo. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma cha ziada tayari, kumpa kingine bila kupimwa ni kumbebesha mzigo.

Na ini ndo linalonipa wasiwasi na yale makopo ya kijani. Merkaptopurini na methotreksati zote zinalisumbua ini, ndo maana kuna siku wanatoa damu ya kupima ini pia. Kopo likiandikwa mimea kumi na mbili, nani anajua kila mmea unafanya nini ukikutana na dawa hizi? Namba ya usajili kwenye kopo haimaanishi kuna mtu alilijaribu kwa mtoto wa kemo. Unga wa mlonge uliokaushwa juani kwenye turubai pembeni ya barabara una vumbi, una bakteria, una ukungu, na mtoto mwenye nyeupe chini hana askari wa kupambana na hivyo. Majani mabichi ya mlonge ukiyapika kama mboga yakaiva hayo ni chakula, sina shida nayo. Kinachobadilisha ni kukausha, kusaga na kugeuza dozi ya kila siku.

Hapo hapo niseme na uji wa lishe, maana najua utakimbilia huko. Uji ni mzuri, ila angalia karanga na mahindi yaliyosagwa humo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumukuvu inapiga ini. Nunua nafaka na karanga zako, chambua moja moja, iliyojikunja au yenye ukungu au chungu tupa, saga kidogo kidogo za wiki mbili badala ya kununua unga wa lishe uliokaa dukani hujui tangu lini.

Uliuliza umpe nini damu ipande. Vinavyopandisha kweli ni vitatu na vyote viko kwa dokta. Kupumzishwa dawa, kama alivyofanya. Kuongezewa damu au pleteleti zikishuka sana. Na kuna sindano inaitwa filgrastimu inayouamsha uboho utoe nyutrofili, hiyo wanaitumia kwa baadhi ya kemo na kwa sababu maalum, si kila mtoto anaihitaji na mentenansi mara nyingi haitumiki. We kazi yako ni kumfanya mtoto afike siku ya umeme kurudi akiwa na nguvu na hana maambukizi. Hiyo si kazi ndogo mwanangu, kuna watoto wanapotea kwa maambukizi wakati saratani yenyewe ilishaanza kushindwa.

Kwa hiyo ile hela ya boksi la pili, wala mumeo asikope, hata ukipata nusu yake fanya hivi. Nunua kipimajoto kizuri cha dijitali kaa nacho nyumbani. Joto likifika 38 hata kama anacheza, hata kama ni saa nane usiku, ni hospitali usiku huo huo na ukifika getini sema mtoto wangu yuko kwenye kemo ana homa, asikae kwenye benchi, anatakiwa aanze antibaotiki ndani ya saa moja. Usimpe Panadol kwanza ikashusha joto ukadhani imeisha. Weka hela ya bajaji pembeni kwenye bahasha, isiguswe na mtu, maana usiku Mbagala hadi hospitali ni mbali. Na hata siku za kliniki, nyeupe zikiwa chini, daladala ya saa kumi na mbili asubuhi watu wanakohoa shingoni kwake, kama hela ya bajaji haipo mvalishe barakoa mkae dirishani.

Pleteleti zikiwa chini utaona madoa madogo mekundu kama ameumwa na mbu ila hayawashi na ukibonyeza hayapotei, au damu puani haikati, au choo cheusi kama lami. Hapo pia ni kukimbia. Na usimpe diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, zinazidisha kutoka damu. Bitiruti niseme kidogo, siyo sumu, ila inageuza mkojo na choo kuwa vyekundu, sasa siku mtoto anatoka damu kweli utajuaje? Rozela kikombe cha kawaida cha maji yaliyochemka muulize dokta, mi sioni ubaya mkubwa ila iwe kinywaji isiwe dozi. Balungi achana nalo kabisa akiwa kwenye kemo, linaingiliana na baadhi ya dawa.

Chakula, mpe chakula chenu. Dagaa waliooshwa mchanga wote ukatoka, maharage, samaki, kuku, mayai yaliyoiva hadi kiini kikauke, matembele na mchicha vilivyopikwa, na hapo usiogope kwamba mboga ina foliki, ya kwenye mboga ni kiasi cha kawaida cha chakula, si sawa na kidonge. Mdomo ukimuuma mpe mtori uliopoa, parachichi ulilomenya mwenyewe baada ya kuosha ganda. Kidogo mara sita kuliko sahani kubwa mara mbili. Kipindi nyeupe ziko chini kachumbari iache, matunda ya kukatwa ya barabarani acha, juisi yenye barafu ya mtaani acha, maziwa yachemke yaumuke, na kiporo cha jana asile. Maji yachemshwe hata ya kusukutulia. Vitamini yoyote hata ya watoto, ile syrup ya machungwa, muulize kwanza, wengi wa hawa watoto hupungukiwa vitamini D na dokta akiona anaandika mwenyewe kwa dozi yake. Na akicheza na mtoto mwenye tetekuwanga au surua, piga simu siku hiyo hiyo hata kama hajaumwa.

Sasa kumwambia dokta. Najua ndo panapouma. Yule mama aliyegombezwa mbele za watu hakutendewa haki, kugombeza kunafundisha wengine ishirini kwenye foleni kuficha, na wewe ni mmoja wao. Lakini we fanya hivi. Chukua mfuko, tia makopo yote, FEFO, unga wa mlonge kidogo kwenye karatasi, halafu andika kwenye daftari tarehe ulipoanza kila kimoja, kiasi gani, mara ngapi. Ukiingia usianze kuomba msamaha. Sema dokta, nilimpa hivi kuanzia tarehe hii, nimeacha tarehe hii, naomba uangalie kama vinaingiliana na dawa zake na kama ini linahitaji kupimwa. Ukishindwa kusema mpe daftari asome. Akipandisha sauti muombe umuone mfamasia wa wodi au nesi wa kliniki, huwa kuna mmoja ambaye mtu anaweza kuongea naye. Dar watoto wa saratani wanatibiwa Muhimbili tangu 2011 walipohama kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, hao watu wameona kila aina ya kopo, la kwako halitakuwa la ajabu.

Mumeo mwambie leo yote, siyo nusu. Mama mkwe mpigie umshukuru kwa mlonge, mwambie dokta kasema sasa hivi mtoto hawezi ila akija na kuku wa kienyeji tutapika. Na wifi, usigombane naye, ni shangazi wa mtoto na ana uchungu naye, ila mwambie aitoe ile voisi kwenye grupu, kuna mama mwingine wa mtoto wa kemo anaisikiliza sa hivi. Halafu mpe kazi. Damu wanayoongezewa hawa watoto haiuzwi dukani, inatoka kwa watu. Yeye na mumeo na vijana wa kijiweni pale kwenye bodaboda, mtu mwenye miaka 18 na kuendelea mzima wa afya na kilo 50 kwenda juu anaweza kuchangia Damu Salama, ule mpango wa taifa wa kukusanya damu, mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke miezi minne. Grupu lenye watu wengi kama lake likipata ujumbe huo wodi itaona tofauti.

Na mtoto naye anadai jibu lake. Kesho mkikaa mwambie ile ya kikombe dokta alikuwa haijui, mama alikosea, tumeacha na tunaenda kumwambia pamoja. Ana miaka sita, ana kemo kwenye mwili wake zaidi ya mwaka, anaelewa zaidi ya unavyodhani. Mwache abebe ule mfuko yeye mwenyewe mkiingia kwa dokta akitaka. Ukishapata majibu ya FBP mpya niandikie, na ya ini wakipima, nataka kujua.

Shangazi